Cherehani ya Mama na Deni Lisilo na Riba

Cherehani ya mama iliingia kwetu Salamabila, mashariki mwa Kongo, Januari 2016 juu ya pikipiki kutoka Kasongo, gurudumu lake limefungwa gunia. Bei dola 180. Mfanyabiashara alimkopesha kwa masharti yaliyotufurahisha sote: mwaka mzima bila riba, mradi kila mwezi apewe angalau franka 10,000. Mwaka ukiisha na deni bado lipo, kilichobaki kingeongezwa nusu yake.

Mama hakukosa hata mwezi. Baba alikuwa mchimbaji wa dhahabu, na kuna wiki alizorudi mikono mitupu. Hata hivyo fedha ya cherehani ilitengwa kabla ya unga wa muhogo. Saini zilipangana daftarini, nyumba nzima ikaamini deni linayeyuka.

Oktoba, shangazi yetu, muuza mawese sokoni, akaliomba daftari.

"Wifi, unalipa franka. Deni lako ni la dola."

Usiku huo tulipiga hesabu mkekani. Januari dola moja ilikuwa franka 930 hivi, kwa hiyo malipo ya mwezi yalipunguza karibu dola 11. Sasa dola ilikuwa imepita franka 1,000, na fedha ileile haikufika dola 10. Tena, hata franka isingeshuka, dola 180 kwa miezi 12 ni dola 15 kila mwezi. Franka 10,000 hazikuwahi kutosha tangu siku ya kwanza.

Baba akasimama, anataka kwenda kugombana. Shangazi akamzuia: "Kaka, masharti mliyasikia. Tutafute dola 80 kabla ya Januari." Wanawake wa likelemba, chama chao cha kuchangiana fedha kwa zamu, wakakubali kumpisha mama, akachukua zamu ya Desemba badala ya Machi. Deni likafutwa, cherehani ikabaki yetu.

Kadi za mkopo zisizo na riba kwa muda fulani, wanazotumia ndugu zetu walioko Ulaya, zina mtego uleule. Ukiruka malipo ya chini unatozwa faini, na unaweza kupoteza msamaha wa riba. Ukiyalipa hayo tu, muda wa msamaha utakwisha deni bado likiwapo, na riba itaanza kutozwa kwenye kilichobaki.

Malipo ya chini yanakulinda usihesabiwe mkosaji. Kumaliza deni ni hesabu nyingine. Siku unapokopa, gawa deni lote kwa miezi uliyopewa, kwa fedha ileile unayodaiwa. Jibu utakalopata ndilo la kulipa kila mwezi. Likikushinda, bidhaa hiyo iache dukani.