Sauti Iliyovuka Bahari, Ikashindwa na Ukuta

Miongoni mwa vitu ambavyo watu wa zama zetu wameafikiana kuvidharau bila ya kuvifanyia insafu, waya ni cha kwanza. Hautazamwi ila kwa jicho la uadui: unalaumiwa kwa kumkwaza mgeni, kwa kukusanya vumbi, kwa kuharibu haiba ya sebule, na mwenye nyumba aliyesalia na waya mmoja ulio dhahiri ukutani huuvutia pazia upesi asikiapo hodi. Lakini waya, pamoja na ila zake zote, una sifa moja adhimu ambayo sijasikia ikitajwa na wauza vyombo: ukiushika kwa ncha hii na kuufuata kwa mkono, utafika kwenye ncha ya pili, hapo ukajua kwa yakini ni nani anayesema na nani. Muziki usafirio hewani hauna dhamana hiyo. Hutoka katika kompyuta kwa nia njema, hushika njia yake, na tangu hapo habari zake anazijua Mola.

Nyumba yetu iko Kiponda, katika Mji Mkongwe wa Unguja, nayo ni moja ya zile zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, zenye kuta nene za kiasi cha nusu mita, kwa sababu waliozijenga walikusudia kuzuia joto, wezi na maneno ya majirani, na katika hayo matatu walifaulu mawili ya mwanzo. Chumba changu cha kusomea kiko upande mmoja wa ukuta wa namna hiyo, na sebule iko upande wa pili. Sebuleni mna stirio aliyoniachia marehemu baba: amplifaya nzito isiyoinuliwa na mtu mmoja, deki ya kaseti, mashine ya santuri, na spika mbili za mbao zinazomfika mtu kiunoni. Nyimbo, ambazo siku hizi hazihitaji kabati, zimo katika kompyuta mpakato, nayo haitoki chumbani kwangu. Kwa muda mrefu vyombo hivi viwili viliunganishwa kwa waya uliopita mlangoni na kujificha chini ya zulia, na hapakuwa na lawama baina yao, hata ilipofika Idi moja ambapo mke wangu, akiwapelekea wageni kahawa, alinaswa mguu na waya huo, na birika lote likaishia juu ya kanzu ya ami yangu. Kanzu ilikuwa mpya. Hukumu ya waya ilitolewa kabla ya kanzu kukauka, na haikuwa na rufani.

Hapo ndipo alipoingia mpwa wangu, kijana wa chuo kikuu, mwenye adabu na moyo wa kusaidia, ambaye itikadi yake ni kwamba hakuna shida ya mtu mzima isiyo na kibonye chake. Alikuja na kisanduku cheusi kisichozidi kiberiti, akakichomeka nyuma ya amplifaya, kikawasha taa ya buluu.

“Mjomba,” alisema, “mambo ya waya yamepita. Wewe bonyeza tu.”

Kisanduku kile ni kipokezi cha Bluetooth, na kwa faida ya msomaji asiyepata kuulizia asili yake, ni fani iliyoanza kushughulikiwa mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson huko Uswidi, kwa muradi wa kuviwezesha vyombo kuzungumza pasipo waya, nayo ikapewa lakabu ya Harald, mfalme wa Denmaki wa karne ya 10, ambaye husifiwa kwa kuukusanya ufalme wake chini ya utawala mmoja. Mfalme yule alikusanya nchi nzima. Sisi tulitaka kukusanya kompyuta moja na stirio moja, na zote mbili za nyumba moja.

Mke wangu, ambaye ndiye aliyeshinda kesi ya waya, alipewa heshima ya kuchagua wimbo wa ufunguzi, akamchagua Siti binti Saad. Haukuwa uchaguzi mdogo. Mwaka 1928 bibi huyo alipanda meli pamoja na wapigaji wake kwenda Bombay, akaimba mbele ya vyombo vya kunasia sauti, na sauti yake ikarudi Afrika Mashariki ndani ya santuri za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo kila upande haukuchukua zaidi ya kiasi cha dakika tatu. Ikaenea pwani nzima, na sifa zake zikamfanya Shaaban Robert amwandikie wasifu. Sauti hiyo imevuka Bahari ya Hindi. Imevuka vita vikuu, mabadiliko ya dola, fangasi wa santuri na meno ya panya. Sasa iliombwa kuvuka ukuta mmoja, kutoka chumba cha kusomea hadi sebuleni.

Tulibonyeza. Kompyuta ilitangaza kwamba muungano umekamilika, mstari wa wimbo ukaanza kutembea, dakika zikahesabika, na sebuleni pakawa kimya. Mpwa wangu aliongeza sauti. Ukimya haukuongezeka wala haukupungua. Aliongeza tena mpaka mwisho. Tulikaa vitini tukizitazama spika kwa taadhima, na ilikuwa mke wangu, mwenye masikio yasiyo kifani katika aila yetu, aliyeinua kidole akasema, “Nyamazeni. Mbona nasikia marwasi?” Marwasi yalikuwapo kweli, na fidla, na Siti mwenyewe juu yake akiimba kwa ukamilifu wote wa sauti, katika nyumba ya jirani ng’ambo ya kichochoro.

Sababu ilipatikana baadaye, nayo haina uchawi. Jirani alikuwa amenunua kipokezi kama chetu, katika duka lile lile, na watengenezaji walikuwa wamevipa vyote viwili jina moja la herufi na tarakimu, kwa hiyo katika orodha ya kompyuta walitokea mapacha wawili, na mpwa wangu akamchagua wa juu, kwa hoja kwamba wa juu ndiye aliye karibu. Na kwa hesabu ya mawimbi alikuwa karibu kweli. Dirisha la chumba changu linatazamana na dirisha la jirani juu ya kichochoro ambacho wachukuzi wawili hawapishani, na baina ya madirisha hayo mna hewa tupu. Ilhali baina ya chumba changu na sebule yangu mna nusu mita ya matumbawe, nayo huyanywa mawimbi hayo yasionekane tena.

Asubuhi jirani alikuja kutushukuru. Alisema mama yake, ambaye kwa siku nyingi hakutaka kuondoka kitandani, aliisikia sauti ile akainuka, akaketi dirishani, akalia kidogo, kisha akaomba uji. “Mungu awalipe,” alisema, na akaongeza kwa staha kubwa kwamba, kama haitakuwa taabu, siku nyingine tuanze baada ya Isha, kwa kuwa magharibi wao huwa jikoni na sauti inawapotea.

Makosa ya majina yalirekebishwa, kompyuta ikahamishiwa mlangoni ili mawimbi yapite penye uwazi, na muziki ukafika kwa wenyewe. Ulifika, lakini haukukaa. Ni lazima nieleze kwamba Bluetooth haina njia yake peke yake; hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na katika barabara hiyo hiyo hupita waifai za mtaa mzima, na huvuja humo pia maikrowevu ya jikoni, ambayo hufanya kazi katika gigahezi 2.45 na nguvu zake ni nyingi mno zikilinganishwa na za kisanduku cha ukubwa wa kiberiti. Kila mchuzi ulipopashwa moto, Siti alikatika katikati ya neno. Wataalamu hawakulala: wameyafanya mawimbi haya yarukeruke baina ya njia 79, mara 1,600 kwa kila sekunde, ili yakikuta njia moja ina ghasia yahamie nyingine. Wazo la kurukaruka ni la zamani kuliko Bluetooth yenyewe, maana mwaka 1942 Hedy Lamarr, mcheza filamu mashuhuri wa Hollywood, pamoja na mtunzi wa muziki George Antheil, walipewa hataza huko Marekani kwa mtambo wa kuongozea kombora la majini kwa masafa yanayobadilika, wakaukadiria kwa masafa 88, sawa na idadi ya vibonye vya piano. Walitaka adui asiweze kuivuruga sauti ya mwongozaji. Hawakufikiria mchuzi wa pweza.

Wala si jiko peke yake. Mwili wa binadamu, ambao sehemu yake kubwa ni maji, huyameza mawimbi ya masafa haya, na ami yangu, ambaye Mwenyezi Mungu amemjaalia mwili wa kutosha, alikuwa na kiti chake cha desturi baina ya mlango na amplifaya. Akiegemea, wimbo ulinyamaza. Akiinamia sinia kuchukua haluwa, ulirudi ukiwa umesonga mbele ubeti mzima. Ilituchukua muda kulitambua hilo, lakini tulipolitambua tulilitumia kwa manufaa ya wote, tukawa kila tunapoutaka ubeti ukamilike tunamkirimu haluwa, naye hakupata kulalamika.

Sasa niwahadithie usiku wa Idi iliyofuata. Wageni walikuwa watu wa heshima zao, na katikati yao alikuwapo khatibu mstaafu ambaye mbele yake hata watoto wetu huketi wamekunja miguu. Nyimbo zilikuwa zikitoka katika intaneti, na mambo ya bure ya intaneti hulipiwa kwa matangazo, na matangazo hayachagui majlisi. Kinanda kilikuwa kimekwisha kutulia, mwimbaji amevuta pumzi ya kuanza, wakubwa wamefumba macho, mara spika za marehemu baba zikapaza sauti ya kijana asiyejulikana akituhimiza kwa furaha ya ajabu tuweke dau letu la mpira usiku huo huo kabla nafasi haijapita. Hapana aliyesema neno. Khatibu alifumbua jicho moja, akaniangalia mimi, akalifumba.

Wimbo ulirudi, nikamshukuru Mungu mapema kuliko ilivyopasa. Ami aliegemea, mawimbi yakakatika, na kipokezi kilipojiona hakina mwenyewe kikafungua mlango kwa yeyote aliyepata kukijua. Na aliyepata kukijua alikuwa kijana wa jirani, ambaye simu yake iliwahi zamani kuchanganya mapacha kama ilivyochanganya kompyuta yangu, naye wakati ule ule, chumbani kwake, alikuwa anataka kusikiliza singeli. Msomaji aliyewahi kuisikia singeli ya Dar es Salaam anajua mwendo wake. Asiyepata kuisikia na achukue ngoma yoyote aijuayo, aizidishie kasi mara mbili, kisha aongeze mtu mwenye jambo la dharura. Vikombe vilitikisika sahanini. Nilikimbilia amplifaya, mpwa wangu akakimbilia kompyuta, na katika ghasia ile ami yangu, ambaye alikuwa na haluwa mkononi na alidhani bado tunasikiliza kikundi kikongwe kilichoanzishwa mwaka 1905, alimgeukia khatibu akauliza kwa masikitiko ya kweli, “Sheikh wangu, hawa Ikhwani Safaa siku hizi wana haraka ya kwenda wapi?”

Nilimwita fundi wa redio wa Darajani, mzee aliyewahi kuitengeneza stirio hii wakati wa uhai wa baba. Alikishika kipokezi, akakigeuza, akakirudisha mahali pake. “Bwana,” alisema, “chombo hakina kosa. Hewa ndiyo ina watu wengi.” Mpwa wangu, ambaye hakati tamaa, alishauri tununue kipokezi cha namna nyingine kipitishacho muziki katika waifai, nasi tukanunua, na kwa haki ya Mungu hicho hakikumjali ami wala jirani, ila kilikuwa na tabia ya kuikusanya sauti kwanza na kuitoa baada ya kiasi cha sekunde mbili, jambo ambalo halimdhuru mwimbaji lakini linaangamiza tamthilia. Mke wangu alimwona bibi harusi akifumba mdomo kisha akakubali kuolewa, akamwona mume akipigwa kofi kimya kimya, na kofi lenyewe likalia mume akiwa ameshaufunga mlango nyuma yake. Tena kilitegemea rauta, na rauta ilitegemea umeme, na umeme ulipokatika kompyuta iliendelea kwa betri yake kuitumbuizia stirio maiti.

Waya umerudi. Fundi ameupigilia juu ya fremu ya mlango, mahali ambapo hapana mguu wa binadamu unaoweza kufika, nao una vichwa viwili, chekundu na cheupe, vinavyoingia pahala pake na kubaki humo. Ami huegemea atakavyo, mchuzi hupashwa moto wakati wowote, na mke wangu ameridhia kwa sharti kwamba usipite tena sakafuni. Kile kisanduku cheusi tumekiondoa, lakini mapatano na jirani hayakuondoka, maana njia ya dirishani haikupata kufeli hata siku moja. Kila Ijumaa baada ya Isha naifungua kompyuta, nachagua jina lake katika orodha, na Siti huvuka kichochoro kwenda kwa bi mkubwa. Basi nakuomba, ewe msomaji, ukiwa unapita Kiponda wakati huo na simu yako ikakuonyesha jina la herufi na tarakimu usilolijua, usilibonyeze mpaka wimbo uishe.