Muulize Shangazi wa Matuta

*Shikamoo Shangazi. Mume wangu kapata hela ya korosho, kaingiwa na wazimu wa bustani. Kainua matuta mpaka magotini, kayazungushia tofali. Namwagia ndoo sita asubuhi. Saa nane mchana mchicha umelala kama mnywaji wa uraka. Sasa anataka kukodi trekta alime upya. Nimzuieje?*
— Mke wa Tajiri wa Msimu, Nachingwea

Marahaba, mwanangu. Kwanza ficha simu yake. Trekta kwa bustani ya hatua kumi na tano? Mkumbushe kwamba Nachingwea imeshaona matrekta. Mwaka 1947 Waingereza walianza Mpango wa Karanga kule Kongwa, kisha Urambo na hapo kwenu. Waligeuza hata vifaru vya vita kuwa matrekta, wakajenga reli kutoka pwani. Udongo ndio hawakuuchunguza vya kutosha. Kiangazi kilipofika, ule wa Kongwa ulikauka ukawa tofali, karanga zikagoma kung'oka. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, pauni kama milioni 36 zimekwenda na vumbi, na reli nayo baadaye ikang'olewa. Mumeo hana pauni hizo.

Tuta la kuinua ni la masika, maji yasituame. Mvua zetu ni msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Huu ni Agosti. Mafuriko anayoyakimbia yako wapi? Mwambie apige tuta mbonyeo, upana mita moja ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Udongo mweusi wa juu auweke kando. Achimbe chepe moja kwenda chini, avunjevunje, arudishe ule mweusi uliochanganywa na mboji, lakini uso wa tuta ubaki chini ya njia kama kiganja kilichosimama. Juu atandaze nyasi kavu. Tofali asizitupe, Novemba haiko mbali.

Na kabla ya chepe, atafute chupa tupu ya maji. Aweke udongo robo, ajaze maji, atikise, aiache hadi kesho. Mchanga utakaa chini, tope laini katikati, mfinyanzi juu. Udongo huo ukiwa karibu wote mchanga, ndoo zako sita zilikuwa zinapita tu.

*Shangazi, nilimwaga madebe manne ya mbolea ya kuku kutoka bandani moja kwa moja, jioni nikapandikiza chainizi. Siku ya tatu majani yameungua. Mama mkwe anasema jirani ana kijicho.*
— Msomi, Ruangwa

Jirani mwombe radhi. Mama mkwe mwache, humwezi. Mbolea ya kuku mbichi ni kali, inaunguza mizizi. Ilundike kivulini pamoja na majani makavu, inyunyizie maji, ifunike, igeuze kila baada ya wiki mbili. Ukitia mkono katikati ya lundo ukautoa mbio, bado. Ikipoa na kunukia kama ardhi baada ya mvua ya kwanza, imeiva. Hesabu miezi miwili au mitatu. Kwa sasa kula matembele.

*Chini ya mkorosho wangu kuna kivuli na udongo mweusi wa bure. Nipige tuta hapo?*
— Mpenda Vya Bure, Ruangwa

Hapana. Mti huo unaupulizia salfa kila mwaka, na salfa inayodondoka huuchachusha udongo; watafiti wameshalipima hilo huku kusini. Mizizi nayo itakunywa maji yako kabla ya mchicha. Sogea uwazini. Maganda ya korosho pia usitie tutani, unajua mafuta yake yanavyobabua vidole.

Wanaoniletea udongo niutazame: uje mkavu, ndani ya karatasi. Aliyeuleta mbichi juzi anadaiwa khanga.