Mpanda Hakuna pa Kwenda

Mtumishi akihamishiwa Mpanda, kilio chake cha kwanza ni kimoja: mji hauna pa kwenda. Yuko makao makuu ya mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na chini ya saa moja kwa gari kuna hifadhi ya taifa yenye kilomita za mraba 4,471. Lakini baa ya jirani televisheni yake ndogo. Pole yake.

Wazungu, kwa upande wao, hupita juu ya mji kwa kindege na kutua hifadhini moja kwa moja. Wanalipa dola ili watembee kwa miguu nyuma ya askari mwenye bunduki. Mtumishi akikosa bodaboda akatembea, anaiita shida ya usafiri.

Tusimwonee. Hifadhini anaingia, tena bila kukusudia, maana barabara ya Sumbawanga inaikata katikati. Twiga kasimama ukingoni. Bwana kainamia simu, anatazama twiga wa Serengeti. Anayemwamsha ni mbung'o aliyepenya dirishani bila tiketi wala adabu, na basi zima linaanza kujichapa makofi shingoni.

Kijiji cha Sitalike, langoni mwa hifadhi, ndicho kiboko ya yote. Kiangazi, mto Katuma unaponywea, viboko hubanana topeni mgongo kwa mgongo, wakikoroma na kung'atana, na daraja liko hapo hapo. Mtumishi wetu hupita kila akienda semina. Anakumbuka harufu; alifunga kioo.