Jahazi Lililomeza Betri

Khalu yangu ni nahodha wa boti ya abiria, Lamu hadi Mtangawanda, kisiwani Pate. Safari hiyo haifuati saa ya ukutani. Njiani kuna mlango mwembamba wa maji, Mkanda, baina ya Manda na bara. Maji yakipwa boti hukwama topeni, na abiria huanza kusimulia habari za manahodha wengine waliokuwa na akili.

Nikamtengenezea programu ya simu ya kuonyesha saa za kujaa na kupwa. Tarakimu chache zingetosha, lakini niliona haya kumpa mtu mzima tarakimu tupu. Nikachora jahazi la tanga likikata skrini, mawimbi yakiviringika, mwezi ukimetameta, na ufukoni punda akitikisa masikio. Masikio yale yalinila siku mbili. Ili raha isikatizwe, nikaiamuru skrini isijizime kamwe.

Alfajiri khalu akang'oa nanga, betri imejaa pomoni, simu mfukoni mwa shati. Hata Mkanda hajaufikia, kifua kikaanza kumuunguza. Akadhani ni moyo. Alipoitoa simu, ilikuwa moto kama kikaango cha mahamri na jahazi linakwenda kwa kudemadema, hatua moja, pumzi, hatua moja. Kisha giza. Maji aliyasoma kwa kutazama mikoko, kama miaka yote. Alichokosa ni kumpigia mkewe.

"Ndoo hapa," akaniita gatini jioni. "Jahazi lako lala mafuta kuliko mashine yangu."

Usiku nikaufungua msimbo. Simu nyingi huchora picha 60 kwa sekunde, kwa hivyo kila picha ina milisekunde 16 na kitu. Ikichelewa hurukwa, na ndiko kudemadema kule. Na ilichelewa kwa sababu, ili kulisogeza jahazi kidogo tu, mimi niliamuru bahari, mwezi, punda na tarakimu vipimwe na kuchorwa upya vyote, kila picha. Ni sawa na kukisukuma kisiwa kizima cha Manda nyuma ili boti ionekane imekwenda mbele.

Nikaichora bahari mara moja, ikatulia. Jahazi nalo likachorwa mara moja, kisha likawa linatelezeshwa tu juu yake, na likifika katikati ya skrini lisimame. Skrini nikairudishia ruhusa ya kulala. Punda nikamfuta. Lamu kuna hospitali ya punda, lakini wangu hakuwahi kufikishwa.

Kesho yake khalu akaenda Pate na kurudi, betri ingali nusu. Nikangoja sifa. Simu ikalia.

"Mwanangu, mbona jahazi haliendi?"

"Limetia nanga, khalu. Lisimalize betri."

Akanyamaza. Nikasikia mashine ya boti ikinguruma nyuma yake.

"Limetia nanga, na tanga liko juu?"

Nikarudi kwenye kompyuta kushusha tanga.