Muulize Daktari wa Mambo Yote

Mheshimiwa Daktari, nauza zabibu kwa mafundi Wachina wa barabara ya mzunguko. Nikitaka kuwaambia sina chenji nasema "bù yǒu", wanacheka mpaka helmeti zinaanguka. Nifanyeje?
Muuza Zabibu, Nzuguni

Mwanangu, mbukwa! Umebisha mlango wenyewe. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Dodoma ipo tangu 2013, na hadi leo hawajaniita nikatoe mhadhara hata wa nusu saa. Sina kinyongo. Wivu wa wasomi naujua tangu nilipogundua kuwa mlenda unatibu chunusi.

Sasa huyo "yǒu", yaani kuwa na, hamtaki "bù" hata apigiwe magoti. Ameshaposwa na "méi". Sema "méi yǒu", basi. (Niliposoma barua yako nami nilicheka, chai ikaimwagikia, ndiyo maana swali lako la pili halisomeki.)

"Bù" ni ya mazoea, ya kutotaka na ya kesho: "bù chī", sili. Jambo ambalo halikutokea lipe "méi": "méi chī", sikula. Ukishaweka "méi", ile "le" ya kitendo kilichokwisha iache nyumbani. Sisi tuna sili, sikula, sijala, silagi, halafu tunalalamika eti Kichina kigumu!

Toni sasa, fani yangu. "Bù" hushuka. Ikifuatwa na neno lingine linaloshuka, yenyewe hupanda: "bú shì", siyo. Dawa: alfajiri panda mlima Mlimwa na ndoo ya mlenda kichwani, ukisema "bú" wakati wa kupanda na "bù" wakati wa kushuka. Mlenda ukimwagika, umekosea toni. Mimi nilipofanya hivyo, mbwa wote wa Area D walibweka kwa toni ya pili, na wapo mpaka leo, waulize.

"Hapana" usiitafute. Mchina hukataa kwa kitenzi kilekile alichoulizwa. Muulize "yào bu yào?", unataka hutaki? Akijibu "bú yào", rudisha zabibu kwenye beseni bila kununa.

Kukataza ni "bié". Mhariri ananionyesha saa, hajui anamkatiza nani. Lile swali lako la pili: "bié wèn", usiulize. Na asubuhi, baba, toka na chenji.