Tyubu Moja, Mugeta Nzima

Marehemu baba mkubwa alituachia Peugeot 404 na sifa zake. Kila anayepita Mugeta kulitazama gari hilo husomewa kwanza historia: 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 aliuleta Bert Shankland, dereva wa hapa hapa Tanzania. Mgeni hutikisa kichwa kwa heshima. Halafu mvua inanyesha, bingwa anamlowesha magoti.

Kosa si la kioo. Gari hili halina chasi ya kujitegemea kama Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na mabati yake yamelaliana yakashikwa kwa nukta za kuchomelea. Kati ya nukta na nukta kuna mwanya mwembamba usiopitisha hata kiwembe, lakini maji yanapita. Yakishaingia hayana haraka ya kutoka, na kutu inaanza kula ndani kwa ndani huku nje rangi inang'aa. Ndiyo maana kiwandani maungio hupakwa sila ya kuziba mianya hiyo. Yetu ilishakauka, ikapasuka, ikadondoka vipande vipande.

Jirani mwenye Land Rover hutucheka, eti bodi yake ni ya aluminiamu. Aache. Waingereza walichagua aluminiamu mwaka 1948 kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa cha mgawo kwao, wala hawakumwonea huruma yeye.

Fundi wetu wa bodi alikwenda Bunda mjini kutafuta sila, akarudi na silikoni ya vioo. Muuzaji alimwapia kwamba hiyo hata meli inaziba. Akapaka sakafu yote ya mbele kwa madaha. Muda si mrefu shangazi akatoka jikoni akiuliza nani anatengeneza achari bila kumwambia. Harufu ya siki ilikuwa imejaa uani, na si bure: silikoni ya aina hiyo ikikauka hutoa asidi ile ile ya siki, na asidi na chuma hawajawahi kupatana. Tena rangi haishiki juu yake; inakimbia na kuacha vishimo vishimo. Kuibandua kulitaka kisu, msasa, petroli na matusi ya chini chini, maana shangazi alikuwa karibu.

Sila yenyewe ikaagizwa Mwanza, ikaja na basi, tyubu moja. Safari hii fundi alifuata utaratibu: akasugua hadi chuma cheupe, akapiga praima, akaiacha ikauke, ndipo akatoboa tyubu. Ilitoka ya kijivu, nzito kama ugali wa muhogo. Akaifuatisha kwenye ungio taratibu bila kuinua mkono, kisha akaisambaza kwa brashi iliyokatwa nywele ikabaki kisiki. Kwa kweli alipendeza kutazamwa.

Tatizo ni alilolisema kwa sauti: sila hii hukaushwa na unyevu wa hewani, ukishafungua tyubu uitumie, haiwekeki.

Mugeta haina redio ya kuishinda sentensi hiyo. Shemeji alikuja kwanza, bati lake linavuja juu ya kitanda. Akafuata mama mdogo na ndoo. Mwalimu akaleta gambuti, moja tu, ya kushoto. Mzee mmoja akaja na meno ya bandia yaliyopasuka. Huyo tulimkatalia, akaondoka akisema vijana wa siku hizi hawana adabu. Kila mmoja alitaka “kidogo tu”, na kidogo cha watu wengi ndicho kilichokula sila ya upande wa nyuma wa gari.

Kilichobaki mkononi mwa kijana wa fundi alikitumia kwa bidii iliyozidi maelekezo. Aliona chini ya milango kuna vitundu, akaviziba vyote. Vitundu hivyo si uharibifu. Maji hupenya pembeni mwa kioo kila mvua inyeshapo, na kwenye vitundu hivyo ndipo yanapotokea. Mvua ya kwanza ilipotoka upande wa ziwa, sakafu ya mbele ilibaki kavu kabisa, tukapongezana. Gari lilipokata kona, mlango ukasema chubwi. Fundi akazibua kitundu kwa msumari, na maji yote yakamwagikia viatu vya yule mzee wa meno, aliyekuwa amekuja kutusamehe.

Bati la shemeji halivuji mpaka leo. Nyuma ya Peugeot kunavuja bado. Kwa hiyo, msomaji mwenye gari la aina hii, pitisha msumari kwenye vitundu vya milango kabla ya masika, silikoni ya vioo waachie wenye vioo, na ukiagiza sila Mwanza agiza tyubu mbili. Usimwambie mtu.