Jinsi ya Kusoma Sekondari Ukiwa Nyumbani Bila Kuonekana Upo

Kabla hujajiandikisha kusoma sekondari kwa masafa, hama nyumbani. Ukishindwa kuhama, na kwa umri wako wa miaka 17 utashindwa, basi usome mwongozo huu chooni, mlango umefungwa. Ndicho chumba pekee kwenye nyumba ya kupanga ambacho mtu akiwemo hatumwi dukani.

Tuanze na makaratasi, maana hayo ndiyo mepesi. Kama shule ulikatisha mapema, utafanya kwanza Mtihani wa Maarifa, ambao mtaani wote tunauita QT. Ukifaulu unaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Namba yako itaanza na P, ya wenzako walioko shuleni inaanza na S, na Novemba mtakutana. Wao wana alama za maendeleo walizovuna darasani. Wewe una siku ile ya mtihani na Mungu wako. Masomo yenyewe utayapata kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1975. Furahia jina hilo. Hapo ndipo patakuwa mahali pa kwanza kukuita mtu mzima, na habari hiyo haitafika nyumbani kwenu.

Sasa tuje kwenye somo gumu, ambalo ni shangazi.

Mwanafunzi wa kawaida hutoka saa kumi na mbili asubuhi na sare yake, na mpaka jioni hakuna anayemkumbuka kwa kuchota maji. Wewe unaamka, unafungua moduli ya Biolojia, na kabla hujafika ukurasa wa pili sauti inatoka uani: "We si upo hapo? Hebu kimbia gengeni." Jaribu kueleza kwamba uko darasani. Shangazi atachungulia mlangoni, aangalie kushoto, aangalie kulia, aulize, "Darasa gani, baba, mbona nakuona umekaa kwenye ndoo?" Hana ubaya. Maisha yake yote mtu anayesoma hajawahi kuonekana nyumbani saa nne asubuhi, isipokuwa amefukuzwa ada.

Kengele, mchakamchaka na mstari wa asubuhi havijawahi kumfundisha mtu kutafuta kipeuo cha pili. Kazi yake ni kumjulisha shangazi kwamba mtoto hayupo. Kwa hiyo vitengeneze mwenyewe. Vaa shati jeupe, chomekea, funga kamba za viatu vyeusi, kisha toka nje ya geti mbele ya watu na kuaga kwa sauti. Zunguka nyumba, uingilie dirishani. Ukikamatwa, sema umechelewa namba.

Njia nyingine ni kusoma kwa sauti, kwa Kiingereza. Moduli nyingi zimeandikwa kwa lugha hiyo, na watu wazima wengi huona haya kumkatiza mtu anayeongea Kiingereza, hata kama hawamwelewi, hata kama yeye mwenyewe hajielewi. Hasara yake ni kwamba sifa zitasambaa, na kufikia Ijumaa utakuwa mkalimani wa maelezo ya dawa za majirani wote.

Kuhusu vifaa. Vitabu vya kiada vimo kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, bure kabisa, ukishanunua bando. Bando la bei nafuu ni la usiku, kwa hiyo utasoma kuanzia saa sita hadi mama atakapokuamsha alfajiri, yaani dakika kumi baada ya kulala. Simu ni ya mama. Ndani yake kuna kundi la kikoba, kundi la ukoo na kamati tatu za harusi, na logarithimu haijawahi kushindana na kamati ya harusi ikashinda. Mwenyekiti akipiga kuulizia michango, funga daftari. Somo la leo limekwisha.

Ukipata nafasi ya kutazama video za hisabati, ujue zilivyoanza. Mwaka 2004 Salman Khan, akiwa Boston, alianza kumfundisha binamu yake aliyekuwa New Orleans kwa simu na intaneti. Masomo yale yakakua yakawa Khan Academy, inayojulikana dunia nzima. Watu husifu kipaji cha mwalimu. Mimi nasifu umbali: hakuna aliyeweza kumtuma mwenzake vitunguu.

Kemia inataka vitendo, na jikoni kwenu hakuna bureti. Usikate tamaa. Chukua juisi ya rozela, ambayo ni nyekundu kwa sababu ina asidi, kisha utie magadi kidogo kidogo ukikoroga. Utaona nyekundu inapotea, inaingia zambarau, inaishia kwenye kijani cha ajabu. Umejifunza kiashiria, asidi na besi kwa mkupuo mmoja. Utajifunza na biashara pia, kwa kuwa juisi ile ilikuwa ya kuuza.

Usidhani umeonewa peke yako. Machi 2020, korona ilipofunga shule, nchi nzima iliingia kwenye masomo ya masafa, vipindi vikarushwa redioni na kwenye televisheni. Kidato cha sita walirudi Juni mosi, wengine wakafuata Juni 29. Katikati ya hapo wazazi waligundua kwamba walimu wanalipwa kidogo mno kwa kazi wanayoifanya, na ugunduzi huo ulidumu hadi Juni 30. Kenya walikwenda mbele zaidi: Julai mwaka huohuo waziri wa elimu, George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea. Mwaka mzima, na hakuna mtoto aliyetumwa kuutafuta.

Siku ya mtihani toka mapema na kitambulisho chako, kalamu mbili, na orodha ya vitu vya kupitia sokoni ukirudi, ambayo utakabidhiwa mlangoni. Ufanye mtihani, ununue nyanya.

Matokeo yatatoka, na ukoo mzima utakusanyika kwenye simu ya mama kuitafuta ile namba ya P. Ukifeli, watasema shule haisomwi kitandani. Ukipata daraja la pili, shangazi atafuta mikono kwenye kanga, aisogelee simu, aisome tena namba, kisha awaambie majirani: "Kwa nini asifaulu? Mwaka mzima yuko ndani tu, hana kazi."